Maziwa ya Kitabuni

Bidoni ya kwanza ilimwagwa mbele ya lango la shule kabla kengele haijalia. Madamu Capitoline aliona kwa macho yake mwenyewe. Mama mmoja mwenye kitenge cha kijani alifungua kifuniko, akainamisha bidoni, na maziwa yakatoka yote, yakakimbia ndani ya mfereji yakichanganyika na vumbi. Mama yule alikuwa Mukarurangwa. Binti yake, Ihirwe, alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita, darasa la Capitoline.

“Madamu! Kuya uone! Kuya uone kazi yenye ulifundisha mutoto wangu!”

Nyuma yake walisimama mama wengine wauza maziwa, watu wa milimani, walioshuka kutoka Bibokoboko wakati kule juu kulipokuwa hakukaliki tena. Walishuka na ng'ombe wachache waliobaki, na hapa mjini Baraka maziwa ya ng'ombe hao ndiyo yaliyokuwa jembe lao na shamba lao. Ng'ambo ya barabara walisimama watu wa mjini: wauza samaki, vijana wa pikipiki, wapita njia. Waliangalia tu, na kuangalia kwao ndiko kulikotisha.

“Tangu juzi hakuna mutu anagusa maziwa yetu,” Mukarurangwa alisema. “Banasema kitabu ya masomo imeandika ya kwamba maziwa iko na sumu. Mi nikauliza, nani alisoma hicho kitabu? Banasema: mutoto wako. Mutoto mwenye nilizaa mimi, madamu!”

Capitoline hakuhitaji kuuliza; aliijua karatasi ya utafiti ya Ihirwe.

Tangu mwanzo wa muhula alikuwa akiwafundisha watoto kuandika utafiti. Wazazi walicheka: watoto hata meno hayajakomaa, waandike kama watu wa chuo kikuu? Yeye hakujali. Aliwaambia wachague swali linalowauma, watafute kitabuni, waende waone kwa macho, kisha waandike nani kasema nini. “Usiniandikie ‘watu wanasema’,” alizoea kuwaambia. “Watu ni nani? Jina la kitabu, na ukurasa.”

Ihirwe alichagua swali lake siku ileile: kwa nini maziwa yanafika sokoni yameharibika? Hilo ndilo lililokuwa likimliza mama yake. Lakini Ihirwe hakuwa na macho ya kusoma. Surua ilimpata akiwa mdogo, ikamwachia mwanga kidogo tu, kiasi cha kutofautisha dirisha na ukuta. Miaka yote alikuja shuleni kukaa, akaweka mikono juu ya magoti na kusikiliza wenzake wakisoma. Ndipo shirika moja la kanisa likaleta simu yenye programu ya kusoma. Unapiga picha ya maandishi, unabonyeza, na sauti ya mwanamke inasoma, kwa Kiswahili kilichonyooka cha watu wa pwani. Watoto waliipa jina Tante, kwa sababu ilisema kama shangazi aliyetoka mbali na hataki kuchafua viatu vyake. Tante akawa macho ya Ihirwe. Anastasie, mwenzake wa benchi, akawa mkono wake: Ihirwe anasema, Anastasie anaandika.

Ijumaa iliyopita Anastasie alichukua karatasi nyumbani ili ainakili vizuri. Mama yake ni muuza chai pale zinapoegeshwa pikipiki za kwenda Fizi. Aliisoma karatasi hiyo akiwa na sufuria ya maziwa motoni. Sufuria ikamwagwa. Watu walipotoka kanisani Jumapili, habari ilikuwa imeshapanda pikipiki. Pengine hata kule mbali Kilembwe walikuwa nayo.

“Madamu,” sauti ilisema nyuma yake. “Bureau.”

Alikuwa direkteri Déogratias, mkuu wa shule. Ofisini hakuketi, wala hakumkaribisha mwalimu aketi.

“Ile telefone iko wapi?”

“Iko darasani.”

“Ilete, niifungie mu kabati. Kisha utoke uwaambie wale bamama ya kwamba mutoto alijitungia. Haonake, alisikia vibaya. Mambo itaisha.”

“Na Ihirwe?”

“Ihirwe atakaa kama zamani.”

Capitoline aliijua hiyo ‘kama zamani’. Ilikuwa mikono juu ya magoti.

“Hakujitungia, bwana direkteri. Aliandika kitabu na ukurasa.”

Déogratias alifunga mlango taratibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeona shule zikiteketea kwa maneno madogo kuliko hayo.

“Madamu, nisikilize. We ni mutu wa Burundi. Ule mutoto ni wa milima. Muko naongea luga yenye kufanana, na watu beko na masikio. Leo banasema ni mutoto. Kesho watasema ni we ulimutuma, ao ni we unamuficha. Unaelewa nasema nini?”

Alielewa. Baba yake, mzee Claver Nduwimana, alivuka mpaka kutoka Burundi na jembe begani yeye akiwa mgongoni mwa mama. Alikulia katika nchi hii, akasomea humu, akafundishia humu. Hata hivyo alijua jinsi mji unavyoweza kukugeuzia mgongo asubuhi moja, na jioni usijue aliyeanza ni nani.

“Unipe mpaka mapumziko,” alisema.

“Mpaka mapumziko. Wakivunja lango mbele ya hapo, ni we utajibu.”

Darasani watoto walikuwa wamekaa kama siku ya mtihani. Anastasie alikuwa analia, shavu moja limevimba. Ihirwe alisimama mara tu aliposikia hatua za mwalimu wake.

“Madamu, nilisikia sauti ya mama inje. Nilikosea nini?”

“Ni kitabu gani, Ihirwe?”

“Ile ya jiografia, ya kifuniko yenye ilipasuka. Ukurasa wa thelathini na moja. Anastasie alipiga picha, mi nikasikiliza.” Akayasema maneno kwa moyo, kwa mdundo uleule wa Tante: “Maziwa mengi ya eneo hili yamechafuliwa na dawa za mashambani. Watu wanaokunywa bila kuchemsha huugua matumbo.”

“Mama amenipiga kofi,” Anastasie alisema. “Anasema nilijua na sikumwambia, na watu wamekunywa chai yake.”

Capitoline alichukua simu. Akafungua kitabu, akapiga picha aya ileile, fupi, katikati ya ukurasa, kama Anastasie alivyofanya. Kisha akafumba macho. Alitaka kusikia kama Ihirwe anavyosikia, bila kitu kingine.

Tante akasema: Maziwa mengi ya eneo hili.

Gizani mwa macho yake aliona ndoo, na povu jeupe, na mkia wa ng'ombe ukifukuza nzi. Akabonyeza tena. Ng'ombe hakuondoka. Kumbe kitabu kinasema hivyo kweli? Kama kinasema hivyo, basi atawaambia nini wale mama?

Akafumbua macho atafute aya inayofuata. Na hapo, kando ya maandishi, akaona picha: maji mapana mpaka upeo wa macho, mitumbwi miwili, na ndege juu yake.

Tante hasomi picha.

Aliketi kwenye benchi katikati ya watoto. “Anastasie, ulipopiga picha, hukuona hii mitumbwi?”

“Niliiona, Madamu. Nilizania ni ya kupamba tu.”

“Mitumbwi gani?” Ihirwe aliuliza.

Capitoline akamshika mkono. “Ihirwe, hii maziwa si ya ng'ombe. Ni lac. Lac moja, kitabu kinaiita ziwa. Zikiwa nyingi, ni maziwa.”

“Lakini watu wote hapa banasemaka lac.”

“Ndiyo. Na milimani mliita jina lingine. Hiki ni Kiswahili cha kitabu. Neno lile lina milango miwili, na we uliingia kwa ule unaoujua.”

Vidole vya Ihirwe vilitafuta simu mezani, vikaipata, vikaisukuma mbali, pole, kama mtu anayerudisha sahani ambayo hakustahili.

“Basi ni mimi nilimwaga maziwa ya mama,” alisema. “Ichukuwe, Madamu. Umupatie direkteri. Nitakuwa nasikiliza wengine.”

“Ihirwe...”

Jiwe likagonga bati la paa, likateremka likipiga kelele mpaka chini. Watoto wakainama chini ya meza. Mara Patrice, sentineli aliyelinda lango la shule, akaingiza kichwa mlangoni, kofia mkononi.

“Madamu, banasukuma lango! Bamama wa chai nao wamefika. Banagombana na wa maziwa, na vijana ya pikipiki beko nachochea. Nimeshika kufuli, lakini kufuli si mukono wa Mungu!”

Mapumziko yalikuwa bado. Capitoline akatia simu mfukoni, akakumbatia kitabu, akatoka. Alipofika katikati ya uwanja alisikia hatua nyuma yake. Ihirwe alikuwa anakuja, mkono juu ya bega la Anastasie.

“Rudi darasani.”

“Ni kazi yangu, Madamu. Ulisema mwenye kuandika ndiye mwenye kujibu.”

Alisema kweli, alikuwa ameyasema hayo. Ni rahisi kusema mambo mazuri mbele ya ubao.

Langoni joto la watu lilimpiga usoni. Mama Anastasie, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita wateja kutoka mbali, alikuwa mbele, pua kwa pua na Mukarurangwa, mabega yao yakigusa chuma cha lango.

“Bamama, naomba!” Capitoline alisema. Akafungua kitabu, akakiinua juu kwa mikono miwili. “Angalieni! Hapa penye batoto walisoma, picha ni ya lac. Kitabu kinasema juu ya lac, si juu ya ng'ombe.”

Mama Anastasie alisogeza uso. Aliangalia picha bila haraka, kama anayekagua noti.

“Picha naona. Ni lac. Lakini picha haisemake. Soma maneno! Iko ‘maziwa’ ao haiko?”

“Iko, lakini...”

“Munasikia? Iko!” Aliwageukia watu. “Mi nilisoma, si bure. Lisemwalo lipo! Mu Baraka yote, nani alishasikia mutu anasema anaenda kuvua samaki ku maziwa?”

“Atarudi na siagi!” kijana mmoja wa pikipiki akapaza, na wenzake wakacheka kicheko kibaya.

“Maziwa ni maziwa,” mwingine akasema.

“Madamu anakinga ndugu yake.”

Hilo lilisemwa kwa sauti ndogo, nyuma kabisa, na halikujulikana limetoka mdomo gani. Lakini lilipita juu ya vichwa vya watu kama lile jiwe lilivyopita juu ya paa. Kicheko kilikatika. Mukarurangwa alirudi nyuma hatua moja, akazikusanya bidoni zilizobaki karibu na miguu yake. Mama wa milimani wakasogeleana.

Capitoline alisikia pumzi ya Déogratias shingoni mwake. “Toa telefone,” alinong'ona. “Sasa hivi. Nitaivunja mbele yao, waone. Ni telefone ao ni watu?”

Mkono wake ulikwenda mfukoni. Aliigusa. Ilikuwa na joto, kama kitu kinachopumua. Ni telefone ao ni watu: nani angejibu vingine? Aliitoa.

“Mama Anastasie,” Ihirwe akasema, “naomba nikuulize.”

Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilikuwa sauti ya mtoto, na watu walikuwa kimya.

“Uliza, we mwenye kuharibia wazazi wako.”

“Asubui unafungulaka radio?”

“Nani hafungulaki? Wateja banapenda habari.”

“Wakianza habari, banasemaka ni habari ya wapi?”

“Ya wapi? Ya Bukavu. Ya Goma. Ya...”

“Ya eneo la Maziwa Makuu.”

“Ehe, ya Maziwa Makuu. Hata mutoto wa kunyonya anaijua hiyo.”

“Basi mama,” Ihirwe alisema, “ni maziwa ya ng'ombe gani?”

Ungeweza kuyaona maneno yale yakizunguka kichwani mwa Mama Anastasie, Maziwa Makuu, Maziwa Makuu, kama yalivyozunguka kila asubuhi kati ya sufuria na vikombe, bila mtu kuyauliza yanakwenda wapi. Capitoline naye alisimama na simu mkononi. Alikuwa ameyasikia tangu utotoni. Aliyafundisha hata katika jiografia. Na muda mfupi uliopita, darasani, alipohitaji msaada, hayakumjia.

Patrice ndiye aliyeanza kusema.

“Kumbe!” alisema, na kofia ikamwanguka. “Mi miaka yote nilizaniaka ni sababu ya ng'ombe! Nilisema, watu wa Rwanda na Burundi na milima yetu beko na ng'ombe mingi, njo maana banaitwa Maziwa Makuu! Ng'ombe kubwa, maziwa makuu!”

Kicheko kilichopasuka safari hii hakikuwa kile cha kwanza. Kilianza kwa wauza samaki, kikaruka kwa vijana wa pikipiki, kikaenda mpaka kwa mama wa milimani, ambao walicheka wakijifunika midomo kwa vitenge.

“We Patrice, unalinda shule na hujaingia ndani hata siku moja!”

“Muniache! Hata nyinyi hamukujua!”

Mama Anastasie hakucheka. Alisubiri wengine wamalize.

“Kwa hiyo maziwa ya kitabu ni lac.”

“Njo hivyo, mama.”

Akamgeukia Mukarurangwa. Ilimgharimu, ulimi wake haukuzoea kazi hiyo. “Ndugu yangu, pole. Kesho uniletee kama kawaida.”

“Kesho?” Mukarurangwa alisema. “Bidoni ya mwenzangu Uwamwiza hii hapa, maziwa yake imekamuliwa leo. Chukua ya leo.”

Watu wakaguna. Mama Anastasie aliitazama bidoni, akawatazama watu wakimtazama. Akaomba kikombe. Alikunywa mpaka mwisho, akapangusa mdomo, akasema iko nzuri. Watu wakaanza kugeuka, kila mmoja na njia yake. Pikipiki moja ikawashwa.

“Bado,” Ihirwe akasema.

“Nini bado?” Mama yake aliuliza kwa ukali. “Imekwisha. Nyamaza.”

“Kazi yangu, mama. Kama maziwa ya kitabu ni lac, ile maneno mengine inabaki.” Aliusogeza uso wake upande ule ambako upepo wa maji ulikuwa unatoka. “Yamechafuliwa na dawa za mashambani. Watu wanaokunywa bila kuchemsha huugua matumbo. Na sisi wote hapa tunakunywa ya lac.”

Pikipiki ikazimwa.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na bidoni ya njano kichwani, ya maji, alisimama, akaishusha taratibu, akaiangalia kana kwamba ameipata njiani.

“Lakini haisemi lac yetu,” mtu mmoja alisema. “Si ndiyo? Haisemi Tanganyika?”

“Haisemi,” Ihirwe alijibu. “Inasema mengi. Mengi si yote. Lakini haisemi ya kwamba yetu haiko ndani. Sijui.”

Capitoline alijikuta amekishika kitabu kifuani kwa nguvu. Sijui. Muhula mzima alikuwa akijaribu kumfundisha hata mtoto mmoja kulisema neno hilo mahali pake.

“Mutoto, umezima moto moja na unawasha ingine!” Déogratias alisema, jasho likimtoka. “Watu waende kazini!”

“Muache aseme, direkteri.” Alikuwa Mama Anastasie. “Mutoto wangu wa mwisho alihara wakati wote wa mvua. Nilipeleka ku hospitali, nilipeleka ku maombi. Hakuna mwenye kuniuliza anakunywa maji gani. Nataka kujua.”

“Hata mimi,” alisema mwanamke mwenye bidoni ya njano.

“Basi atafute. Ni yeye alianza.”

“Atafute!”

Sauti zilikuwa zimepanda tena, na Capitoline hakuweza kujua kama ni za hasira au za hofu, wala kama kuna tofauti. Patrice akafungua lango kidogo, Mukarurangwa akapita. Watu wakampisha. Alimshika binti yake kidevu, akamwambia neno kwa lugha ya milimani, polepole. Capitoline alilielewa, kwa kuwa kwao lilikuwa karibu vilevile: umenitia hofu. Kisha akasema kwa Kiswahili, wote wasikie:

“Atatafuta. Lakini mbele ya kuandika, mimi njo nitasikiliza kwanza.”

Déogratias alinyoosha mkono. Capitoline hakuwa na la kufanya, akampa simu. Direkteri aliipima kiganjani, akiwatazama wale watu wote, nao wakimtazama. Hakuna aliyekuwa anamsukuma sasa. Hilo lilikuwa gumu zaidi.

Akainama, akautafuta mkono wa Ihirwe, akaiweka simu humo, na kuvifunga vidole vyake juu yake.

“Haya,” alisema. “Utaanzia wapi?”

Ihirwe alifikiri.

“Kwa maji tunakunywa hapa shuleni,” alisema. “Bwana direkteri, inatokaka wapi?”

Déogratias akamgeukia Patrice, aliyekuwa na kazi ya kuchota maji kila asubuhi, na Patrice, kofia mkononi, akaanza kuangalia viatu vyake, vilivyokuwa bado na mchanga wa ufukweni.